Kipande cha Sitini na Moja

3 Februari

Mwanangu fundi,

Nianze na salamu, maana nikianza na shida utasema shangazi yako amezeeka vibaya. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio. La kushoto limefunga kabisa, la kulia linafanya kazi likijisikia. Ndiyo maana simu nimeitia kabatini. Mkinipigia nasikia mvumo tu, kisha naanza kujibu maswali ambayo hamkuuliza. Juzi mdogo wako aliniuliza kama nimekula, nikamjibu kuwa nimeshauza. Kuanzia leo tutaandikiana kwa kalamu, na atakayeona ni usumbufu asiniandikie.

Nyumba haijambo. Bati la upande wa jikoni limerudishiwa misumari, na jirani yangu fundi cherehani bado anagombana na jogoo wangu.

Sasa sikiliza. Zahanati walipoletewa kompyuta mpya, ile ya zamani walitaka kuitupa. Nikawaambia itupeni nyumbani kwangu. Haina picha, haina kipanya, haina mtandao. Ina kioo cheusi na herufi nyeupe, na inafanya kile unachoiambia, jambo ambalo sikulipata kwa mume wala kwa daktari. Humo nimeandika kitabu. Ni maisha yangu ya ukunga, tangu siku ya kwanza niliposhika mkasi mpaka waliponiaga kwa saa ya ukutani ambayo haitembei. Kiko kwenye flash iliyomo humu ndani ya bahasha, nimeishona kwenye kitambaa isipotee.

Ukikifungua usishangae: cha mwisho kiko juu. Wodini, kwenye faili la mgonjwa, karatasi mpya tulikuwa tunaiweka juu ya zile za zamani, ili anayeingia zamu aanze na hali ya leo. Mkono wangu umezoea hivyo. Kila kisa nilichoandika nilikiweka juu ya kile kilichotangulia, kwa hiyo kitabu kizima kimesimama kwa kichwa, miguu juu. Wewe ndiye mwenye ujuzi, kigeuze.

Ninachotaka ni kimoja. Kichapwe chote, kama kilivyo, neno kwa neno. Nataka kila msichana wa ukoo wetu awe nacho kabla hajabeba mimba. Najua kiwanda cha uchapaji ni cha baba yako na mashine ni zake, lakini mimi ni dada yake wa tumbo moja, na miaka yote hii sijawahi kumwomba hata kalenda.

Msalimie wifi yangu, mama yako. Mwambie lile vazi nililoahidi linashonwa, jogoo akiruhusu.

Shangazi yako, asiyesikia

21 Februari

Shikamoo Shangazi,

Tumepokea barua na flash, kitambaa chako kikiwa na mshono utadhani ni tumbo la mtu. Sisi wote wazima. Mama anakusalimu na anasema vazi analisubiri tangu enzi hizo. Baba naye hajambo, mgongo unamsumbua kidogo akisimama sana kwenye mashine ya kukatia karatasi, lakini ukimwambia akae anakununia siku nzima.

Habari kubwa ni ya mdogo wangu. Ni mjamzito. Mumewe yuko safarini na lori lake kama kawaida, kwa hiyo amerudi kukaa hapa nyumbani mpaka ajifungue. Anakula udongo kwa siri na kila mtu anajua.

Sasa kitabu chako. Shangazi, umeniua. Mbavu sina.

Kompyuta yangu ya hapa kiwandani nayo ina kile kioo cheusi ukikitaka, na amri zake ni zile zile za kwako. Iko amri inaitwa cat. Ukiipa mafaili inayaunga moja nyuma ya jingine yakawa moja refu. Iko dada yake, tac, inayosoma faili kuanzia mstari wa mwisho ikipanda mpaka wa kwanza. Nikajisemea, kitabu cha Shangazi kiko miguu juu, hii ndiyo dawa yake. Nikaiandika, nikabonyeza, nikachapa kurasa za mwanzo nikae nisome kwa raha.

Kisa cha kwanza kilikuwa hivi. Mama anainuka anaenda zake nyumbani, anashukuru. Chini yake, mtoto anatoka akilia. Chini yake, tunamlaza mama kitandani. Chini kabisa, mama anafika mlangoni ameshika kiuno, anauliza kama mkunga yupo. Watoto wote wa kitabu chako walizaliwa mama zao wakiwa wameshaondoka. Nilicheka mpaka Baba akaja kuuliza kama nimevuta gundi.

Kosa langu ni kwamba tac haijui kisa kinaanzia wapi, inajua mistari tu. Ilivigeuza visa, ikageuza na matumbo yake. Ilibidi nikate kwanza. Kwa bahati kila kisa umekianza na neno TAREHE peke yake kwenye mstari, na iko amri nyingine, csplit, ambayo ukiionyesha alama inakata kila inapoiona na kuvipa vipande namba yenyewe. Nikapata vipande vingi, kila kimoja kisa kizima. Kisha nikamwita cat aviunge kuanzia chenye namba kubwa kurudi kwenye sifuri. Sasa kitabu kimesimama kwa miguu. Unaanza ukiwa msichana mwenye mkasi, unamalizia na saa isiyotembea.

Nitakutumia nakala ya kusahihisha. Kila kipande nitakiachia namba yake juu, ili ukiona kosa uniambie ni kipande gani.

Mwanao fundi

9 Machi

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Mama kuondoka kabla mtoto hajatoka! Nimewahi kuona waliotamani iwe hivyo.

Nami sikubaki nyuma. Nilikaa mbele ya kioo changu nikajaribu hizo amri zako. Moja nilikosea jina, nikaandika rev. Ee Mungu. Mistari ilikaa mahali pake lakini kila mmoja ulisomeka kutoka mkia. Nilipoandika mama alilia, nikakuta ailila amam. Ukurasa mzima ulionekana umeandikwa na mlevi. Nikadhani nimeharibu kitabu, nikaipitisha amri ile ile juu ya ule uchafu na kila kitu kikarudi sawa. Baadaye nikagundua faili lenyewe wala halikuguswa, yale yalikuwa maonyesho tu kwenye kioo. Nimeipenda hiyo mashine.

Tuache mchezo. Mdogo wako anapimwa wapi? Nani ameshika tumbo lake? Mtoto amekaaje? Kwenye barua yako umeniambia udongo tu. Anahudhuria kliniki au anakaa nyumbani kungoja? Nijibu hilo kabla ya kitabu.

Shangazi

30 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi, vitabu vya mazoezi ya shule, halafu mashine kubwa iliharibika roli. Hatujambo. Mama anaendelea vizuri, Baba anaendelea vizuri.

Nakala ya kusahihisha iko humu. Nimeipanga vizuri, karatasi ya rangi ya maziwa, utaipenda.

Mdogo wangu mzima. Alikwenda kliniki mara moja mwanzoni. Baba anasema hospitali ni ya wagonjwa, na nyumba hii ina wanawake wa kutosha.

Mvua hapa zimekatika.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Salamu zako nimezipokea, ingawa zilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Mimi ni mzima.

Nilikalia kiti changu, nikavaa miwani, nikaanza kusahihisha. Kipande cha sitini na nne, sawa. Sitini na tatu, kuna herufi imeruka, nimeizungushia. Sitini na mbili, sawa. Nikafungua ukurasa nikakuta sitini.

Nikarudi nyuma. Nikalamba kidole nikajaribu kuachanisha karatasi, labda zimegandana. Hazikugandana. Baada ya sitini na mbili mmeniwekea sitini, mkaendelea na safari kana kwamba hakuna mtu aliyeachwa njiani.

Mwanangu, mimi nimehesabu vidole vya miguu vya nusu ya watu wa wilaya hii. Mlifikiri sitahesabu vipande vyangu mwenyewe? Na wewe, namba hizo uliziacha kwa kusahau, au ulitaka nione?

Wewe umekikata kitabu, kwa hiyo umekisoma na unajua kilichomo kipande cha sitini na moja. Lakini nitakwambia tena kwa mkono wangu ili usije ukasema hukuelewa. Ni kisa cha Chiriku, mdogo wetu wa mwisho. Alikuwa anaongea mpaka usingizini, ndiyo maana tulimwita hivyo. Uchungu ulimshika asubuhi, na mkono wa mtoto ukatangulia. Nilikuwa nimemaliza mafunzo mwaka ule ule. Nikasema huyu si wa nyumbani, huyu ni wa kisu, apelekwe hospitali sasa hivi. Mwenye sauti ndani ya nyumba akasema tungoje, wanawake wote wa nyumba hii wamejifungulia chumba kile kile, na Chiriku si malkia. Nikabishana. Nilipoona mjadala hauishi nikaenda kwa jirani nikachukua mkokoteni wa kuni, nikampakia mdogo wangu peke yangu nikausukuma. Njia nzima alikuwa anaongea. Halafu akanyamaza. Daktari alipofunua shuka aliniuliza tu, mbona sasa? Hakuna mtoto, hakuna mama.

Hicho ndicho mlichokitoa. Mkaniachia mkasi, mkaniachia saa ya ukutani, mkamtoa Chiriku.

Sitaki kelele nyingi. Kitabu kitatoka na kipande hicho au hakitatoka. Ng'o! Na nakala hii ya rangi ya maziwa nairudisha, nimeifungia mayai.

Hukunijibu kuhusu mtoto amekaaje.

Shangazi yako

2 Juni

Shikamoo Shangazi,

Mayai yalifika matatu mazima, mengine yalisahihisha nakala kwa namna yao. Mama aliyapika yale mazima. Alisoma barua yako. Sikumpa, niliikuta mkononi mwake.

Nakwambia ilivyokuwa. Kurasa zilikuwa zimetandazwa kwenye meza ya kukunjia, Baba akapita na kikombe chake cha chai. Akaanza kusoma akitabasamu, akafika mahali akaweka kikombe chini. Akasoma amesimama. Kisha akaja kwenye kompyuta akaniambia nimwonyeshe kipande chenye namba ile. Nikamwonyesha. Akakifuta mwenyewe, kwa kidole chake, akaichomoa flash akaitia mfukoni. Akasema mambo ya nyumbani hayachapwi, na kama nataka kitabu kitoke kitoke hivyo. Sababu hakunipa. Nilipomuuliza alisema, "Wewe ni fundi, chapa ulichopewa."

Nikatii, Shangazi. Nikakutumia nakala yenye pengo na maneno mawili matatu juu ya mvua. Kuhusu namba, usiniulize.

Baba hajui jambo moja. Anafikiri kukata faili ni kama kukata karatasi, kwamba ukishalikata lile zima halipo tena. Csplit hailigusi faili la mwanzo hata chembe. Kitabu chako kizima, nilichokinakili kutoka kwenye flash, bado kimelala ndani ya kompyuta, pale pale chini ya pua yake. Nikiandika ile amri mara moja tu, kipande cha sitini na moja kitarudi na namba yake ile ile.

Lakini nikikirudisha nitakaa wapi? Kazi ni yake, nyumba ni yake, hata baiskeli ninayoendea kazini ni yake. Je, huwezi kulainisha kidogo? Useme tu kwamba Chiriku alifariki akijifungua, basi, bila ile habari ya kungojeshwa?

Na nikuulize, ingawa naogopa jibu. Huyo mwenye sauti ni nani? Ni Baba?

Mdogo wangu amevimba miguu. Anasema mtoto anampiga teke ubavuni, upande mmoja tu, kila siku upande ule ule. Nimemwambia Baba tumpeleke. Amesema tungoje shemeji arudi.

Mwanao

10 Juni

Mwanangu,

Salamu baadaye. Barua hii nimempa dereva mkononi, sikuitia posta.

Mtoto anayepiga teke ubavuni siku zote, upande mmoja, huenda amelala mkingamo, kichwa ubavu huu na miguu ubavu ule. Kichwa hakijashuka. Sijamshika kwa mikono yangu, kwa hiyo sisemi ndivyo, nasema aende akashikwe na mwenye kujua, leo, si shemeji akirudi. Akikutwa hivyo asitoke karibu na hospitali mpaka azae. Hakuna mjadala hapo.

Sasa nikujibu mengine. Umeniuliza nani. Sijibu. Nimeandika mwenye sauti ndani ya nyumba, na nimekusudia hivyo hivyo. Sikukiandika kisa kile ili nimvue mtu nguo. Nimekiandika kwa sababu neno tungoje liliua watu wawili, na bado linatamkwa, tena kwa utulivu, na mtu mwenye chai mkononi.

Umeniomba nilainishe. Miaka yote nimelainisha. Kwenye matanga nililainisha, kwenye harusi zenu nililainisha, kila aliyeniuliza Chiriku alikufa na nini nilisema alikufa na uzazi, kana kwamba uzazi ni mnyama aliyepita akamng'ata. Sasa nimezeeka, sisikii, sina wa kumwogopa. Potelea mbali. Anayetaka kununa anune, nitamtumia jogoo amwimbie.

Sikuombi ukose nyumba kwa ajili yangu. Usipoweza kukichapa niambie, nitakiandika upya kwa mkono, nakala moja moja, na vidole vikikataa nitatumia mdomo. Lakini fanya jambo moja kabla ya yote. Kirudishe hicho kipande, kitoe peke yake kwenye karatasi, umpe mdogo wako asome. Usimweleze kitu. Anajua kusoma, aamue mwenyewe.

Shangazi

4 Julai

Shikamoo Shangazi,

Kaa kwenye kiti ndipo usome. Salamu ziko mwisho.

Siku ile barua ilipofika nilikwenda kiwandani, nikafungua kioo cheusi, nikaandika amri. Vipande vilimiminika, na kati ya sitini na sitini na mbili kikawepo, kizima, hakijapoteza hata nukta. Nikakichapa nikampa mdogo wangu akiwa uani anaanua nguo. Alisoma amesimama, vibanio vya nguo mdomoni. Alipomaliza alivitema akasema, "Dada, nitafutie mfuko ule mkubwa."

Asubuhi tulikuwa mezani. Akaja amevaa, mfuko begani.

"Unakwenda wapi?" Baba akauliza.

"Hospitali. Nitakaa kwa rafiki yangu muuguzi mpaka nizae."

"Nani kakuruhusu? Tumesema tungoje mumeo."

"Baba, mume wangu hajabeba mimba. Mimi siwezi kungoja."

Baba akapiga meza, vikombe vikaruka. Akasema hakuna binti wa nyumba hii atakayetoka kama mtoro. Nikaona mdogo wangu anaanza kulegea. Ndipo Mama akainuka. Unamjua wifi yako, hainui sauti hata akiungua mkono. Alimvua mwanawe mfuko begani akautia begani kwake, akasema, "Mimi nilikuwa bibi harusi mgeni siku ile ya Chiriku. Nilibaki mlangoni nimeshika taa, nikaambiwa nisiingilie. Leo naingilia." Akatoka naye. Baba alibaki anatazama chai yake.

Walimshika, Shangazi. Mkingamo, kama ulivyoogopa. Wakamwambia asiondoke.

Mimi nikarudi kiwandani siku hiyo hiyo, moyo umewaka. Nikasema liwalo na liwe. Nikaviunga vipande vyote kwa cat, na hapa nimekiuka agizo lako, unisamehe au usinisamehe. Ulisema kama kilivyo. Mimi nimekitoa kipande cha sitini na moja mahali pake nikakitanguliza mbele ya vyote. Anayefungua kitabu anakutana na Chiriku kwanza, kabla ya mkasi, kabla ya kila kitu. Kompyuta haikuniuliza kwa nini. Inaunga kwa mpangilio unaoutaja.

Nikawasha mashine kubwa mchana kweupe, milango wazi. Baba akaingia kurasa zikiwa zinatoka. Akachukua moja, akasoma mstari wa juu.

"Zima."

"Sizimi, Baba."

"Hii mashine ni yangu."

"Ni yako. Na kitabu ni cha dada yako, na Chiriku alikuwa mdogo wako. Zima wewe."

Alisimama mkono ukiwa kwenye swichi. Mashine ilikuwa inapiga, karatasi zinajipanga, na mimi sikushusha macho. Hakuzima. Alisema, "Kesho usije kazini." Nikamjibu, "Kesho nitakuwa hospitali na mwanao." Akatoka. Nilimaliza nakala zote, nikazikunja, nikazitia gundi, nikazikata kingo, peke yangu. Kisha nikafunga mlango nikakabidhi ufunguo kwa Mama.

Mdogo wangu alipasuliwa siku chache baadaye. Uchungu ulianza ghafla, na daktari alisema wangekuwa mbali na hospitali ingekuwa habari nyingine. Ni mtoto wa kike, mzito, mwenye hasira. Mama yake mzima, anakula, anatukana wauguzi. Shemeji amefika na lori lake lote mpaka lango la hospitali, wamemfukuza.

Vitabu nimevigawa. Kila binti wa ukoo anacho, na mabaki nimeyaacha kliniki. Wote walio hai waliokuwepo siku ile ya Chiriku, baba zenu wadogo na kaka zako, wamepelekewa pia, Mama aliwapelekea kwa miguu yake. Mimi nalala kwa rafiki, nimepata kazi ya muda kwenye duka la kutoa nakala. Baba hasemi na mimi. Alikuja kumwona mjukuu, akamshika vizuri sana, akaondoka. Amemwambia Mama atakuandikia mwenyewe.

Sasa salamu. Hatujambo. Wewe je?

Mwanao fundi, asiye na kiwanda

19 Julai

Mwanangu fundi,

Marahaba, na mara nyingine marahaba. Nimelia, nimekula, nimelia tena. Fundi cherehani alikuja mbio akidhani kuna msiba, nikampa kitabu, naye akakaa kizingitini akasoma mpaka jogoo wangu akamzoea. Kwa kunivunjia mpangilio ningekuchapa bakora ungekuwa karibu. Lakini umefanya vizuri. Kitabu kimekaa vizuri hivyo, kuliko nilivyokipanga mimi.

Kamwambie mdogo wako aache kutukana wauguzi. Kidonda asikilowanishe. Mtoto anyonye kila anapotaka, na anayesema anadeka mwambie aje anyonyeshe yeye.

Kama lile duka la nakala litakuchosha, njoo kwangu. Nina kompyuta isiyo na kipanya na chumba kisicho na mtu, na zahanati ina mafaili ya kadi yaliyosimama kwa kichwa tangu enzi zangu, hakuna anayejua kuyageuza. Sikuvuti, nakwambia tu mlango uko wazi.

Barua ya baba yako imefika. Ukurasa mmoja, mwandiko wake ule ule unaoegemea kushoto. Hakunitukana. Anasema nakala zilizokwisha kutoka zimetoka, hana la kufanya, lakini zikichapwa nyingine ananiomba, kama dada yake, nitoe jina lake kwenye kisa cha Chiriku.

Nilivaa miwani. Nikakifungua kitabu nikakisoma kisa kile upya, mstari kwa mstari, kidole kikinifuatia, nikaogopa labda mkono uliteleza. Haukuteleza. Halimo. Siku ile nyumba ilijaa watu: baba zetu wadogo, mume wa Chiriku, mama mkwe wake, kaka zangu wote watatu, kila mmoja na sauti yake. Walio hai wote wamepata kitabu na wamekisoma. Hakuna aliyeniandikia neno. Wewe mwenyewe uliniuliza nikakataa, na nilikuwa nimekusudia kwenda nalo kaburini.

Nimemjibu leo asubuhi, nimebandika na stempu. Nimemwandikia hivi: "Kaka, nimetafuta jina lako katika kitabu changu sikuliona. Kama wewe unaliona, liandike mwenyewe pale linapokaa, uniletee, nami nitalichapa."

Shangazi yako